Maswali ya Dizeli: Kabla Hujauza Mbuzi Ukanunue Nozel

Mwezi huu meseji zimekuja nyingi mpaka mke wangu kaniuliza kama nimeajiriwa upya, na karibu zote ni za pikapu za dizeli, gari inazima, gari haivuti, gari inatoa moshi, fundi kasema nozel (kile kifaa kinachonyunyizia dizeli ndani ya silinda). Fundi kasema nozel! Hilo neno nalisikia kila siku gereji kama vile gari ya dizeli ina nozel tu haina kitu kingine. Basi leo tunaongea mafuta tu, toka kwenye tanki mpaka kwenye silinda. Wa breki na gia boksi mtanisamehe, zamu yenu inakuja.

*Shikamoo fundi. Mie nafanya biashara kati ya Makambako na Dar na Hilux Vigo ya 2009, injini 1KD. Kushuka na viazi haina shida, ila nikirudi na mzigo wa duka nikifika mlima Kitonga inakata nguvu, taa ya injini inawaka, nikizima nikawasha inaenda tena kama hakuna kilichotokea. Saa nyingine nikiwa nimesimama sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka yenyewe kama inahema. Fundi wa kwanza kasema nozel zote nne zimekufa, wa pili kasema pampu, wa tatu kaniambia niuze gari. Filta nimebadilisha mara mbili. Nifanyeje?*

Marahaba kijana wangu. Huyo wa tatu mwache kwanza, labda ana mteja.

Ujue kinachotokea pale Kitonga. Hiyo injini ni ya komoni reli, yaani pampu inajaza dizeli ya presha kwenye bomba moja nene (reli) linalogawia nozel zote, kompyuta inaangalia presha ya dizeli kwenye ile reli muda wote, ukikanyaga mafuta na mzigo mgongoni inaomba presha kubwa, presha isipofika inasema hapa kuna hatari, inakata nguvu na kukuwashia taa. Ukizima na kuwasha inajaribu upya. Kwahiyo swali lako siyo "nozel au pampu", swali ni kwanini presha haifiki, na majibu yako mengi na ya bei rahisi yako nyuma huko kabla hata ya pampu.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapigwa. Hiyo Vigo yako haina pampu ya umeme ndani ya tanki, ile pampu kubwa ya Denso ndo inanyonya yenyewe dizeli toka nyuma mpaka mbele. Chukua mrija wa soda, utoboe katobo kadogo ka sindano halafu unyonye, utaona soda inakuja na mapovu lakini nje ya mrija hakuna tone linalodondoka. Ndo hivyo hivyo na mipira ya dizeli ya gari yako, ikiwa na ufa au klipu imelegea inavuta hewa, haimwagi mafuta, fundi anapitisha mkono anaona pakavu anasema huku hakuna tatizo twende kwenye nozel. Niliwahi kuletewa gari imeshafungwa pampu ya mtumba na nozel mbili mpya na bado inazima mlimani, tatizo lilikuwa oringi (pete ya mpira) ya kikombe cha filta, fundi alibadilisha filta akarudisha oringi ya zamani imekakamaa kama biskuti. Mwenye gari alikaa kimya kama dakika tano hivi, sikujua nimwambie nini.

Kwahiyo anza hivi. Nunua mpira unaoona ndani, ule msafi unaohimili mafuta, funga kwa muda kati ya filta na pampu, washa gari mwambie mtu akanyage wewe unatazama. Mapovu yakipita kama shanga ujue hewa inaingia nyuma ya hapo, rudi nayo, klipu, oringi, ile pampu ya mkono juu ya filta (ile ya kubonyeza, mpira wake wa ndani hupasuka), mpaka juu ya tanki. Kama hakuna mapovu ila mafuta yanakuja kwa shida, shusha tanki uangalie chujio la ndani. Nimeshakuta kipande cha mfuko wa nailoni ndani ya tanki, kinaelea vizuri tu, ukipanda mlima unavuta sana kinaenda kuziba, ukizima kinaachia. Kama ya kwako vile.

Huko kukiwa safi ndo unakuja kwenye SCV, ile valvu ndogo imekaa kwenye pampu yenyewe, ina plagi ya umeme na boliti mbili, kazi yake ni kupima dizeli kiasi gani iingie kwenye kusukumwa. Ikichoka au ikiingia uchafu inakwama kwama, na hiyo sailensi yako ya kuhema ndo dalili yake kubwa, mie ningekuwa mtu wa kubeti ningebeti hapo. Mwambie fundi umeme achomeke mashine asome kodi za hitilafu, ikitoka P1229 au P0087 halafu mipira umeshakagua, badilisha SCV kabla hujagusa pampu. Nunua ya Denso kweli, dukani mwambie akuandikie risiti kwamba ni jenuini uone kama mkono wake hautatetemeka. Ukishafunga, mashine inatakiwa kuifundisha kompyuta valvu mpya, ukiruka hapo unaweza kuona gari bado ina sailensi mbovu ukamlaumu muuza duka bure.

Na nozel? Zinapimwa, hazikisiwi. Mashine nzuri inaonyesha kwa kila silinda kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kiasi gani, injini ikiwa ya moto na imetulia. Namba zikiwa kati ya -3 na +3 nozel zako ziko vizuri, usiziguse. Kama kuna moja imekimbia huko 5 au 6, hiyo moja peleka benchi ikapimwe. Na kila nozel ina kodi yake imeandikwa kichwani, herufi na namba 30, ikifungwa mpya au ikihamishwa silinda lazima kodi iingizwe kwenye kompyuta. Fundi asiyejua habari ya hizo namba 30 mpe soda umuage kwaheri.

*Habari fundi, mimi ni mama nina Hilux nakodisha kubeba mchele Ifakara. Taa ya njano yenye alama ya filta imewaka, dereva anasema ni sensa tu imeharibika tuichomoe waya. Kweli?*

Salama dada yangu. Waya usichomolewe! Hiyo taa inasema maji yamejaa chini ya filta. Mwambie dereva azime gari, aweke kopo chini, afungue kile kibomba kidogo chini ya filta mizunguko miwili mitatu hivi, abonyeze pampu ya juu kwa mkono, maji yatoke mpaka ianze kuja dizeli safi, afunge, aendelee kubonyeza mpaka iwe ngumu. Kazi ya dakika kumi. Maji yakipita hapo yakafika kwenye pampu hakuna kitakachobaki, ile pampu inalainishwa na dizeli yenyewe haina oili nyingine, na maji hayalainishi kitu.

Taa ikirudi ndani ya wiki ujue mafuta mnayonunua yana maji au tanki ni bovu. Maji yakiwa yameisha kabisa na bado inawaka, hapo sasa tuongee sensa. Na mwambie dereva kwa heshima zote nimemsikia.

*Mzee hujambo, mimi niko Kitale, niko na pickup ya D4D. Makanika wangu anasema diseli ya hapa imechanganywa na mafuta ya taa ndio maana pampu imekufa. Nitajuaje kama nauziwa ya kuchanganya?*

Sijambo ndugu yangu. Makanika wako anaweza kuwa anasema kweli, mafuta ya taa ni mepesi na hayana utelezi wa dizeli, pampu ya zamani inavumilia kiasi, ya komoni reli kama hiyo D4D yako inajisaga yenyewe polepole na vile vyuma vinavyosagika vinaenda moja kwa moja kwenye nozel. Sisi huku Tanzania ndo tulilipa neno "kuchakachua" umaarufu wake, kabla ya 2011 taa ilikuwa rahisi kuliko dizeli basi watu wakawa wanachanganya kama juisi, serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, bei zikakaribiana faida ikaisha. Kwenu walifanya kitu hicho hicho 2018, shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Bibi mwenye koroboi ndo kaumia lakini hiyo mada nyingine.

Kwa macho huwezi kujua nakwambia ukweli, hizo habari za kuchovya karatasi na kunusa ni za vijiweni. Kilicho karibu na kipimo ni uzito. Dizeli kwa kawaida iko kilo 0.82 mpaka 0.87 kwa lita, taa iko chini huko kwenye 0.80 hivi, sasa ukipima ukakuta 0.80 au 0.81 hama hiyo stesheni. Lakini mchanganyiko kidogo unaweza usionekane hata hapo. Kinachosaidia zaidi ni tabia, chagua stesheni yenye magari mengi ambako mafuta hayalali, weka risiti, na usijaze wakati lori la mafuta linashusha maana uchafu wote wa chini umekorogwa. Maji na takataka hizo utaziona, weka dizeli kwenye chupa safi ya kioo ilale usiku mmoja, asubuhi tazama chini.

*Fundi mambo. Vigo yangu asubuhi ikiwa ya baridi inatoa sauti chu chu chu chu upande wa juu wa injini, ikipata moto inanyamaza. Oili naibadilisha kila kilomita 5,000 lakini baada ya siku mbili ni nyeusi nzito kama lami. Gari inavuta vizuri tu. Ni kawaida ya dizeli?*

Poa. Hili swali nimelipa nafasi kwa sababu linaua injini kuliko yote mengine na mwenye gari anakuwa anafurahi "inavuta vizuri".

Oili ya dizeli kuwa nyeusi ni kawaida. Nzito kama lami na mlio wa chu chu siyo kawaida. Chini ya kila nozel kuna washa ya kopa (kipete cha shaba), inaziba moto wa silinda usipande juu. Kwenye hizi 1KD, hasa za miaka ya mwanzo, zile washa zina historia ya kuvuja, na nozel ziko ndani ya kava ya juu, kwahiyo moshi ukivuja hautoki nje ukauona, unaingia kwenye oili. Masizi yanajaa kwenye oili, oili inashuka kwenye sampu (karai la oili chini ya injini), masizi yanakusanyika kwenye kile kichujio cha pampu ya oili mpaka kinaziba. Sasa hapo gari inavuta vizuri, siku moja uko Dumila huko unapiga 110, taa ya oili inawaka, tabo (ile feni inayosukuma hewa kwenye injini) inalia, beringi za krenki zinakwenda. Umemaliza. Na fundi atakwambia "oili ilikuwa feki".

Fanya hivi wiki hii siyo mwezi ujao. Shusha sampu, angalia kichujio, kikiwa na ukoko safisha kila kitu. Vua nozel, badilisha washa zote nne, zile tundu zinapokaa zisafishwe zing'ae maana ukiweka washa mpya juu ya kaboni ya zamani umefanya kazi bure, boliti zikazwe kwa spana ya kipimo. Badilisha na seali za riteni (bomba la kurudisha dizeli iliyobaki) wakati umeshafungua maana zile zikivuja ni dizeli inaingia kwenye oili, oili inapanda kiwango badala ya kushuka, watu wanafurahi eti gari haili oili. Baada ya hapo mwaga oili mapema, kilomita elfu moja hivi, halafu tena.

Ukinunua Vigo au Prado ya injini hii mkononi mwa mtu, kabla ya kuangalia rangi na rimu ulizia washa za nozel zilibadilishwa lini. Akikukodolea macho punguza bei.

*Nina Hilux ya zamani injini 5L haina tabo. Jamaa anataka kunifungulia pampu kidogo iwe na nguvu, anasema ni skrubu tu robo mzunguko. Na je nikifunga tabo?*

Hiyo skrubu ipo kweli na robo mzunguko inafanya kazi kweli, moshi utaongezeka. Injini isiyo na tabo inavuta hewa kiasi chake tu, ukiongeza dizeli bila kuongeza hewa, dizeli inayozidi haiungui, inatoka nyeusi nyuma na nyingine inaosha oili kwenye kuta za silinda. Utahisi nguvu kidogo na pochi itahisi zaidi. Kama gari ilikuwa inavuta na sasa haivuti, pima nozel kwenye benchi, hizo za zamani zinafunguka kwenye presha ya baa mia na kitu tu, fundi nozel yeyote mzuri anazitengeneza, weka ncha mpya, angalia taiming, angalia mkanda wa taiming maana ndo unazungusha pampu na ukikatika unajua mwenyewe.

Tabo inafungika, nimeona nyingi zinatembea, lakini mwenye akili anaifunga na kipimo cha joto la eksozi na haikandamizi sana. Kwa bei ya kazi nzuri mie ningeweka akiba ninunue gari yenye tabo toka kiwandani. Hayo mawazo yangu, wenye 5L za tabo msinitukane.

*Fundi naomba ushauri wa kuboresha. Nina Hilux 3.0, nimeona chipu mtandaoni unachomeka tu nguvu inapanda. Pia nataka filta ya pili na tanki kubwa. Nianze na ipi?*

Filta ya pili. Halafu filta ya pili. Halafu tanki.

Chipu nyingi za bei rahisi hazina uchawi, zinaidanganya kompyuta kwamba presha ya reli iko chini kuliko ilivyo, basi kompyuta inapandisha. Unaongeza mzigo kwenye pampu na nozel ambazo tayari zinafanya kazi baa 1,600 na kitu, wakati tairi lako lina baa mbili na nusu uone hesabu hiyo. Na pistoni za 1KD zinajulikana kupasuka nozel zikianza kumwaga zaidi, wewe unalipia mtu amwage makusudi? Gari imetoka kiwandani na farasi zaidi ya 160, kama hazitoshi punguza mzigo. Kurimepu (kubadilisha mahesabu ya kompyuta yenyewe) kwa mtu anayejua, akiwa na mashine ya kupimia, ni habari nyingine, lakini hiyo nayo mfumo wa mafuta uwe mzima kwanza.

Filta ya pili nenda na yenye kikombe cha kuona maji, ifungwe kabla ya filta ya kiwandani, ya mikroni 30 hivi, inakamata maji na uchafu mkubwa, ile ya kiwandani inabaki na kazi ndogo ndogo. Usifunge filta laini sana mbele maana kumbuka pampu inanyonya yenyewe, ukiibana inahangaika na unarudi kwenye shida ya Kitonga hapo juu. Klipu nzuri, mipira ya dizeli siyo ya maji, isikae karibu na eksozi, na ifungwe kwenye chasi siyo kuning'inia na waya kama ndoo. Filta zote mbili badilisha kila kilomita 10,000, najua kitabu kinasema mbali zaidi, kitabu hakijawahi kunywa mafuta ya kwenye dumu.

Na ukibadilisha filta za hizi gari mpya, usijaze dizeli ya kwenye kidumu ndani ya filta kabla ya kufunga, nimeona vijana wanafanya hivyo wapate kuwasha haraka, unakuwa umemwaga mafuta yasiyochujwa upande wa kwenda kwenye pampu. Funga kavu, bonyeza pampu ya mkono mpaka igome, piga stata. Upepo utatoka wenyewe. Usilegeze nati za mabomba ya nozel gari ikiwa inawaka kama tulivyozoea kwenye injini za zamani za 2L na 3L, kwenye komoni reli ile presha inatoboa ngozi, dizeli inaingia mwilini, huendi gereji unaenda hospitali mbio hata kama unaona katobo kadogo tu.

*Mwanangu kaweka petroli kwenye pikapu ya dizeli lita kama 20 hajawasha. Tufanyeje?*

Mpongeze kwa kutowasha. Usiguse hata ufunguo, sukumeni gari pembeni, tanki likaushwe lote, filta mpya, dizeli safi, toa upepo, basi. Angekuwa ametembea nayo ningewaambia mfungue filta na SCV mtafute chenga za kung'aa kama rangi ya fedha, zikiwepo pampu imejisaga na safari inakuwa ndefu, pampu, reli, nozel, na kuosha mabomba yote mpaka tanki.

*Fundi tuko Sumbawanga shambani, dizeli tunanunua kwenye pipa tunakaa nayo miezi. Kuna jamaa anasema tuweke oili ya pikipiki za tu stroku ichanganyike, inasaidia?*

Kwenye trekta na Hilux za zamani watu wanaweka na sijaona mtu kaharibu, kwenye komoni reli usiweke, haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Shida yenu kubwa ni pipa. Lisimame kivulini, mfuniko ubane, likiwa nusu linatoa jasho kwa ndani usiku na hayo ni maji. Mkisha kulijaza liacheni litulie siku nzima kabla ya kuchota, bomba la kuchotea lisifike chini kabisa, liache kama upana wa kiganja, na ile ya chini kabisa isiende kwenye pikapu. Pipa likikaribia kuisha mimina yaliyobaki kwenye chombo kingine, osha, kausha juani. Mkiona utelezi mweusi kama kamasi kwenye kuta ni vijidudu vinaota pale dizeli inapokutana na maji, hilo pipa lisiwekwe tena mafuta ya gari, pandeni hata mpapai.